Bima na Maboti ya Uokoaji: Si Sadaka

Wapo wanahisa wanaonung'unika kila kampuni ya bima inapotoa fedha kwa waokoaji wa baharini. Wanaona ni faida yao inayogawiwa bure. Hesabu hiyo ni fupi mno.

Lloyd's ya London, ambayo hasa si kampuni bali ni soko la bima, ilitenga pauni 2,000 mwaka 1802 ili maboti ya uokoaji yajengwe katika pwani za Uingereza. Hiyo ni miaka 22 kabla ya kuundwa chama cha hisani ambacho leo kinaitwa RNLI. Waliotoa fedha hizo walikuwa watu wa kutafuta faida.

Ikumbukwe kuwa maboti ya RNLI hutoka kuokoa watu, si shehena. Mali huachiwa tagi za kuvuta meli, ambazo chini ya mkataba maarufu wa Lloyd's kwa kawaida hazilipwi zisipookoa kitu. Tagi basi ina wa kuilipa. Desemba 1981 boti la Penlee lilipoifuata meli Union Star katika dhoruba, watu wote wanane wa boti hilo, waliojitolea, walikufa pamoja na wanane wa meli.

Bila mabaharia meli haisafiri, na isiposafiri hakuna ada ya bima. Kwa hiyo mchango huo uandikwe pamoja na gharama za kila mwaka, usiwekwe katika fungu la sadaka ambalo ndilo la kwanza kukatwa faida ikishuka.