Sisi wa Butembo tuliiona tauni hiyo

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba filamu ya Black Death inatisha kwa sababu watu wa mwaka 1348 walikuwa wajinga. Mimi ni mtu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, na hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Niliitazama usiku mmoja nikashindwa kulala. Damu hainitishi. Kilichonitisha ni kile kijiji kwenye kinamasi, kinachoamini kwamba ugonjwa unaletwa na wageni, na wale askari wanaoamini kwamba wasiougua lazima ni wachawi. Tuliyasikia hayo hapa, tangu Ebola ilipotangazwa Agosti 2018. Wengine walisema ni sumu, wengine biashara ya Riposte, yaani kikosi cha kupambana na Ebola. Halafu Desemba uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, nchi nzima ikapiga kura bila sisi. Baada ya miaka ya mauaji Beni, nani angeamini tulichoambiwa? Huo si ujinga, ndugu yangu.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 19 daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun, akauawa kwa risasi hapa hapa mjini kwetu. Alikuja kututibu. Hilo bado linaniuma.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha Juni 25, 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Tafadhali, iangalie tena hiyo filamu ukiwakumbuka hao.