Umeme wa Tumbo Usitangulie Kipimo

Mfuko wa chakula husukumwa na mawimbi ya umeme, takriban matatu kwa dakika, yanayoanzia kwenye seli za Cajal. Kisukari cha miaka mingi kikiziharibu seli hizo pamoja na neva, chakula hukaa palepale. Mgonjwa hushiba kwa matonge mawili, na leo hutapika alichokula jana. Huo ndio ugonjwa wa gastroparesi. Tumeuweka mbele katika toleo hili kwa sababu, kuanzia hapa mtaani Kiriri hadi mtaa wa Buyenzi, mtu wa namna hiyo anaweza kutibiwa vidonda vya tumbo, kisha malaria, kisha majirani waseme amelishwa sumu.

Tangu mwaka 2000 Marekani imeruhusu, kwa masharti, kifaa kiitwacho Enterra. Kupitia matundu madogo tumboni, daktari hupachika nyaya mbili kwenye misuli ya mfuko wa chakula, na kisanduku cha betri hukaa chini ya ngozi. Wengi hudhani kinasukuma chakula. Sivyo. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2020, ulioandikisha wagonjwa 172, ulionyesha kwamba kutapika kulipungua kifaa kilipowashwa, lakini chakula hakikutoka haraka zaidi, wala ubora wa maisha haukupanda. Anayetapika kila siku ataipokea hata nafuu hiyo, na ni haki yake.

Ila kifaa kisiwe ahadi ya kwanza. Betri huisha, upasuaji hurudiwa, na aliyewekewa anahitaji mtaalamu wa kukirekebisha. Sisi tuanze na endoskopi, yaani kuchungulia tumbo kwa kamera: chakula kikionekana baada ya mgonjwa kufunga usiku kucha, na njia haijaziba, gastroparesi ifikiriwe hapo hapo na sukari ipimwe. Kisha tuangalie sahani. Maharage na maganda yake, chakula chetu cha kila siku, ni mzigo kwa tumbo hili. Heri yapondwe na kuchujwa. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba chakula kilicholainishwa huwapunguzia wenye kisukari kichefuchefu na kutapika. Dawa ya metoklopramidi nayo husaidia, lakini ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mitikisiko ya uso na ulimi isiyopona. Mtu asiinunue dukani miezi na miezi bila daktari kujua.

Madaktari wa hospitali za Kamenge na Prince Régent Charles, tuandikieni kuhusu wagonjwa wa aina hii, bila majina yao: sukari yao ilikuwaje, walikula nini, waliteseka muda gani kabla ya kutambuliwa. Toleo lijalo lina nafasi yenu.