TUSIISHIE KUTAZAMA NDEGE, TUZIUNDE



Sisi wa Kapseret hatuna haja ya kuhadithiwa ndege. Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, uko hapa hapa kwetu. Mwalimu akiwa katikati ya ngeli za nomino, ndege inapita na darasa zima linageuza shingo dirishani. Lakini hebu mwambie mwenzako akuchoree ile Dash 8-400 inayoleta abiria kutoka Nairobi. Yamkini atachora mabawa yametokeza chini ya tumbo, na injini za jeti. Kumbe mabawa yake yako juu ya mgongo, na kila injini ina pangaboi lenye mapanga sita! Tunaitazama siku zote, lakini hatujaiona.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu kutetea kazi ambayo wengi huidharau, yaani kuunda modeli ya ndege kutoka kwenye sanduku la vipande vya plastiki. Wapo wanaosema eti huo ni mchezo wa watoto, na kwamba mwanafunzi wa sekondari akionekana na gundi na msasa basi ameshatupa vitabu. Mimi nakataa katakata. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Modeli ni amali.

Tuanze na hesabu. Modeli nyingi za ndege za abiria huundwa kwa kipimo cha 1:144. Chukua Boeing 787-8, ndege ambayo shirika la Kenya Airways lilipokea ya kwanza mwaka 2014. Mabawa yake yana upana wa mita 60 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 144, utapata karibu sentimita 42, hata dawati linatosha. Sasa ugawe uwanja wetu wenye urefu wa karibu kilomita tatu na nusu. Utapata mita 24, kama madarasa matatu yaliyopangwa mstari mmoja! Hapo ndipo utauliza, kwani njia ndefu hivyo ya nini? Jibu ni kwamba tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na ndege iliyobeba mizigo mizito hulazimika kukimbia sana kabla ya mabawa kuiinua. Hilo si jambo la kukariri tena, utalikumbuka hadi uzeeni.

Ama fizikia, nayo imo. Modeli nyingi za aina hii, ukiziunganisha hivi hivi, huketi kwa mkia kama mbwa anayengoja mfupa. Plastiki iliyo nyuma ya magurudumu makubwa huishinda ile ya mbele. Dawa yake ni kutia uzito ndani ya pua, kwa mfano nati kuukuu, kabla ya kufunga kiwiliwili. Kadiri uzito unavyowekwa mbele zaidi, ndivyo unavyohitajika mdogo. Si ndiyo ile kanuni ya momenti tunayoandikiwa ubaoni?

Lakini faida kubwa zaidi ni subira, na hii ndiyo imetuadimikia siku hizi. Kipande hakivunjwi kwa mkono kutoka kwenye fremu yake. Hukatwa, kikalainishwa kwa msasa, kikajaribiwa kikavu, ndipo kikatiwa gundi. Mshono hujazwa, ukasuguliwa hadi usionekane. Rangi hupakwa nyembamba nyembamba, kila tabaka likingoja la kwanza likauke. Kisha hupakwa vanishi ya kung'aa, kwa sababu stika za maji hazishikani vizuri na rangi iliyokwaruza. Hewa hunaswa chini yake na kuacha weupe. Stika yenyewe huloweshwa, ikateleza polepole hadi mahali pake. Ukiharakisha, inajikunja na kazi ya majuma inaharibika kwa dakika moja. Hapa hakuna kunakili kwa jirani, bwana. Mwenda pole hajikwai.

Najua mtaniuliza kuhusu pesa. Kweli, masanduku haya si rahisi, na wengi wetu karo yenyewe ni kwa shida. Lakini mtoto gani wa hapa hajaunda gari la waya na magurudumu ya kandambili? Ufundi tunao, kilichokosekana ni vipimo. Dash 8-400 ina urefu wa mita 33 hivi na mabawa ya mita 28. Kwa kipimo cha 1:100 hizo ni sentimita 33 na 28, na katoni moja ya dukani yatosha. Tofauti ya mchezo na elimu ni rula.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa chama chetu. Kila mwaka tununue sanduku moja tu kwa mchango wa wanachama, na kila kidato kiunde ndege moja ya katoni kwa vipimo. Maelezo yanayokuja na sanduku huwa ya lugha za kigeni. Basi sisi tuyaandike kwa Kiswahili, kuanzia pua, kiwiliwili, bawa, usukani wa mkia hadi magurudumu. Lugha isiyotumiwa kazini hubaki ya insha na mashairi peke yake.

Wengi wetu tumezaliwa tukisikia ngurumo za ndege hizi. Si haki tuzeeke tukiwa watazamaji wa nje ya ua. Mhandisi na rubani watakaotoka Kapseret wako miongoni mwetu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname basi, mikononi tukiwa na msasa!

Wasalaam.