SAFU YA MWALIMU: KWA NINI JERIKENI HUANGUKA?

Mwezi huu tunajibu swali la vijana wa sekondari: nguvu ya mvutano inatoka wapi?

Newton alisema vitu vinavutana. Mwaka 1915 Einstein akasema hapana: kitu kizito kinapinda nafasi na wakati, na vingine vinafuata ule mpindo.

Nguvu nyingine, kama ya umeme, zinaelezwa na nadharia za geji, yaani za kipimo. Fikirini soko. Kila mama muuza maharage ana kikombe chake. Hakuna shida, mradi tunajua kikombe cha meza hii ni sawa na vingapi vya ile. Kanuni hiyo ya kulinganisha meza kwa meza ndiyo uga wa geji. Sasa ukizunguka meza zote, ukarudi ya kwanza na hesabu hailingani, hapo ndipo nguvu ilipo.

Mwaka 1997 Juan Maldacena wa Argentina alileta wazo la ajabu: ulimwengu wenye mvutano unaweza kuelezwa wote na nadharia ya geji iliyoko mpakani mwake tu, isiyo na mvutano ndani yake! Kumbe mvutano huenda unazaliwa na vingine. Ni kama foleni bombani: mtu mmoja si foleni, wakiwa wengi foleni inatokea. Lakini ulimwengu wa hesabu yake umepinda tofauti na huu wetu, na hakuna jaribio lililothibitisha bado. Kazi ipo.

Mzazi atauliza: haya yataleta posho nyumbani? Tunamjibu hivi. Einstein huyo alikuwa mkimbizi. Mwaka 1933 alikataa kurudi Ujerumani ya Hitler, na hakurudi tena. Abdus Salam wa Pakistani alipata Nobel ya 1979, pamoja na wenzake wawili, kwa kuunganisha nguvu mbili kwa njia ya geji. Kituo alichoanzisha Trieste, Italia, mwaka 1964, kilifungua tawi Kigali mwaka 2018. Na hapa Uganda, pale Kyambogo, Kampala, kuna chuo kikuu kilichoundwa 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, na walimu wa fizikia wanasomea hapo.

Njia ni ndefu lakini ipo. Basi wazazi, binti akifika Senior Five akataka fizikia, msimzuie eti ni ya wavulana. Vyeti vinaweza kupotea njiani, lakini kilichoingia kichwani hakipotei.

Tukutane mwezi ujao. Leteni maswali.