Waranti Haifuti Chai

Katika maduka ya laptopu pale Kenyatta Avenue, Nakuru, muuzaji huanza hivi: "Mkubwa, hii ina waranti ya mwaka mzima. Ikisumbua, rudisha."

Nusu yake ni kweli. Waranti hushughulikia kosa la kiwandani: kioo kilichoanza kuchora mistari chenyewe, bodi iliyozima bila kuguswa. Ukiiangusha ukishuka matatu ya Njoro, au stima ikirudi kwa kishindo ikaichoma, gharama ni yako. Dell na HP huuza kinga ya ajali kando; usipoilipia, huna. Na ikiwa umenunua ex-UK, iliyokwisha kutumika ng'ambo, waranti ya kampuni huhesabiwa tangu mnunuzi wa kwanza. Ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya kampuni uone tarehe ilipoisha, mara nyingi zamani sana. Waranti unayoahidiwa kwa mashine kama hiyo ni ahadi ya mwenye duka, na uzito wake ni ule ulioandikwa kwenye risiti.

"Ikimwagikiwa chai, izike kwenye mchele." Huu ushauri umeua mashine nyingi. Mchele hauingii chini ya kibodi kunyonya kitu, na hata maji yakikauka yenyewe, chai yetu ni maziwa na sukari, navyo haviendi popote. Fundi akifungua baada ya wiki, hukuta ukoko wa kijani na mweupe umezunguka miguu ya vipuri kwenye bodi, na harufu ya maziwa yaliyochacha. Ule ukijani ni shaba inayoliwa, na huliwa haraka zaidi betri ikiwa bado imeunganishwa, kwa sababu sehemu za bodi hubaki na umeme hata laptopu ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka izime kabisa, igeuze kifudifudi kama hema ili chai ishuke mbali na bodi. Usiiwashe "kuona kama inafanya". Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo atoe betri na kusugua bodi kwa brashi na alkoholi ya aisopropili. Ukitaka mchele wa Mwea, upike pilau.

"Kibandiko cha waranti kikikatika, waranti imekufa." Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizionya kampuni sita kwamba vitisho vya namna hiyo vinavunja sheria ya huko. Sheria hiyo haifiki Nakuru, lakini Lenovo, HP na Dell zenyewe hutoa vitabu vya kuonyesha jinsi ya kufungua mashine zao na kubadilisha vipuri. Wanachokataa ni kulipia ulichovunja ukifungua. Kibandiko cha duka ni habari nyingine: uliza kabla ya kushika bisibisi.

"Kioo kimepasuka, nunua nyingine." Hapana. Fundi husoma namba iliyo nyuma ya kioo, huangalia kama waya wake ni wa pini 30 au 40, na kuagiza cha aina hiyo.

Limebaki sharti lile linalochapishwa chini ya risiti: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Ukibadili mawazo tu, muuzaji ana haki ya kukataa. Ikiwa mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo, maandishi hayo hayamkingi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inadai kitu kifae kwa kazi kilichonunuliwa kufanya, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha masharti yanayofuta haki hiyo. Akigoma, Mahakama ya Madai Madogo ipo Nakuru. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Beba risiti yenye namba ya mashine. Wauzaji wengine huandika "laptop 1" basi, kwa hiyo mwambie aandike namba hiyo kabla hujatoa pesa.