Moto wa Gikomba Usiachiwe Kuamua Kesi ya Ardhi

Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto ulizuka katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, ukateketeza vibanda, ukaingia hadi nyumba za kupanga zilizopakana na soko, na roho za watu 15 zikapotea, wakiwamo watoto. Soko hilo lilikuwa limekwisha kuungua kabla ya siku ile, na likaungua tena mwaka 2020 na mwaka 2021. Na kila mara wenye vibanda wamerudia kauli ile ile, kwamba moto umetiwa makusudi na wenye tamaa ya ardhi wanayofanyia biashara.

Sisemi kwamba madai hayo ni kweli, kwa kuwa kumtuhumu mtu pasipo ithibati ni dhuluma nyingine, na mahali penye mbao, nguo na nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo paweza kuungua bila mkono wa mwovu yeyote. Lakini atakaye kujua kwa nini tuhuma hizo hazifi, na awatazame wafanyabiashara siku ya pili ya moto wakisimika nguzo katika majivu ambayo bado yanafuka moshi, kila mmoja akikilinda kiwanja chake, kwa kuchelea kwamba akikawia atakuta kimezungushiwa mabati na mtu asiyemjua. Wengi wao walinunua marobota ya mitumba yaliyoungua kwa fedha za chama au za mkopo, na deni haliungui pamoja na mali.

Sheria ya Kenya si dhaifu katika kadhia hii, maana mwenye kuchoma jengo kwa kusudi aweza kufungwa maisha. Taabu iko katika ushahidi, ambao moto wenyewe huuteketeza, ilhali magari ya zimamoto yangali yakihangaika kupenya vichochoro vya soko.

Kwa hiyo ripoti ya kila uchunguzi na itangazwe hadharani, ijapokuwa itasema kwamba sababu haikupatikana. Na ardhi ya soko ipimwe yote, isajiliwe kuwa mali ya umma, na kila mwenye kibanda aandikwe katika daftari la kaunti, ili asiwepo mtu awezaye kujipatia hata shubiri moja ya ardhi kwa njia ya kiberiti. Haya yalistahili kufanywa tangu mwaka 2018, na vifo vya watu 15 vilikuwa sababu ya kutosha.