Nahodha na Tabibu Wake

Vijana wengi hupenda sana hadithi za vita vya baharini. Hupenda kusikia mizinga ikilia, na milingoti ikianguka, na mabaharia wakirukia manowari ya adui, panga mikononi. Si vibaya kuzipenda. Lakini mimi naona ya kuwa mtu akizisoma kwa ajili ya mizinga tu, ameshika kifuu, nazi yenyewe ameiacha. Katika hadithi zilizo bora jambo kubwa si vita, bali ni urafiki wa watu walio katika chombo kimoja wakati wa hatari.

Chukueni mfano wa vitabu vya Patrick O'Brian, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1914, akakaa miaka mingi Collioure, pwani ya Ufaransa. Kitabu cha kwanza kilitolewa mwaka 1969, na kabla hajafa mwaka 2000 alikuwa amekwisha kumaliza vitabu 20. Karibu vyote vyasimulia vita vya Waingereza na Wafaransa zamani za Napoleon, vyombo vilipokwenda kwa tanga. Hata Bahari yetu ya Hindi imo, maana kitabu kimoja chaeleza jinsi Waingereza walivyowanyang'anya Wafaransa visiwa vya Réunion na Mauritius mwaka 1810.

Nahodha katika vitabu hivi ni Jack Aubrey, na tabibu wa manowari yake ni Stephen Maturin. Watu hawa hawakupata kuwako duniani, ila vita vyao vimetolewa mara nyingi katika habari za kweli. Tarehe 6 Mei 1801 nahodha Thomas Cochrane, mwenye manowari ndogo Speedy, watu 54 na mizinga 14, aliiteka El Gamo ya Wahispania, yenye watu 319 na mizinga 32. Mtungaji aliichukua habari hiyo, akampa Aubrey wake ushindi wa namna ile ile.

Lakini urafiki wao haukuanza kwa wema. Walikutana mwaka 1800 mjini Port Mahon, katika kisiwa cha Minorca, mahali pa kusikiliza muziki. Aubrey alikuwa akifuatisha mapigo kwa mkono, tena akikosea, hata Maturin akamsukuma kwa kiwiko. Wakaachana kwa hasira, wakikusudia kupigana. Usiku ule Aubrey akapata barua ya kupewa manowari yake ya kwanza, na furaha ikamwondolea hasira yote. Kesho yake akaomba radhi, na baadaye akamtaka Maturin awe tabibu wake.

Tazameni jinsi walivyokuwa mbalimbali. Aubrey ni Mwingereza, mkubwa wa mwili, mchangamfu; baharini ni fundi, lakini akiwa nchi kavu huponyokwa na fedha zake kama mtoto. Maturin baba yake ni mtu wa Ayalandi, na mama yake ni wa Katalunya. Ni mdogo wa mwili, ni msomi wa ndege na wanyama, tena ni mpelelezi wa siri. Lakini chomboni hajui kamba hii wala ile, na hata kupanda tu huweza kuanguka majini. Nchi yao si moja, wala dhehebu lao si moja. Lakini jioni, kazi ikiisha, hukaa pamoja wakapiga muziki, Aubrey kwa fidla ndogo na Maturin kwa fidla kubwa ya kushikwa magotini. Basi asidhani mtu ya kuwa rafiki lazima awe wa kabila lake, au mwenye akili kama yake.

Sasa nataka kusema juu ya jambo lililo gumu zaidi. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1984, manowari yao Surprise yaifukuza manowari ya Wamarekani, katika vita ile iliyoanza mwaka 1812. Aubrey alikuwa amemwahidi Maturin kwamba, kazi ya vita ikiruhusu, atashuka katika visiwa vya Galápagos, penye wanyama wasioonekana pengine po pote. Walifika karibu, visiwa vikaonekana kwa macho, lakini ikabidi kumfuata adui upesi. Aubrey akakataa kusimama. Maturin akaghadhibika sana, maana kwa msomi kama yeye nafasi ile haipatikani mara mbili.

Je, Aubrey alimkosea rafiki yake? Wengine watasema ndiyo. Mimi sioni hivyo. Manowari haikuwa mali yake, wala wakati wake. Mfalme alimpa vitu hivyo avitunze, na mamia ya watu walikuwa chini yake. Mtu hawezi kumpa rafiki zawadi kwa mali aliyowekewa amana.

Lakini sikieni yaliyofuata. Usiku mmoja Maturin alianguka baharini kutoka dirisha la shetri, wala hakujua sana kuogelea. Aubrey alijitupa majini mara moja, wala mabaharia hawakuwaona, na manowari ikaendelea na safari yake, ikawaacha gizani katikati ya bahari kuu. Labda mtu atauliza, Nahodha akijitupa, nani ataongoza chombo? Swali hili ni jema. Lakini chomboni walikuwako maofisa wengine waliojua kukiongoza, na Maturin alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwokoa. Visiwa Aubrey alimnyima, kwa kuwa havikuwa vyake kutoa. Maisha yake alimtolea, kwa kuwa hayo yalikuwa yake mwenyewe. Waswahili husema, Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Jambo hili lawahusu ninyi pia. Mmoja wenu amewekwa kuwa msimamizi wa bweni, na rafiki yake amechelewa; amwambia, "Kama wanipenda, usiliandike jina langu." Mwingine ashika ufunguo wa ghala, na rafiki yake ataka sukari kidogo. Hapo ndipo urafiki unapopimwa. Jina liandikwe, na ghala lifungwe. Lakini adhabu ikiwa ni kulima, nenda ukamsaidie rafiki yako jioni, kama wakubwa wakikupa ruhusa, na chai yako mgawie. Na wewe uliyenyimwa, usimwite mwenzako adui. Maturin alikasirika, lakini hakumwacha Aubrey, na fidla zao zilisikika tena.

Rafiki akuombaye uvunje amana yako, akatazwe bila kuchukiwa. Na rafiki asemaye kwamba anakupenda, lakini hatoi hata kidogo kilicho chake, huyo mngojeeni kwanza mpaka siku ya dhoruba.